Shingo inaniuma upande mmoja tu, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani, miaka 38. Hii ni wiki ya tatu shingo inaniuma upande wa kushoto tu. Niliamka asubuhi siwezi kugeuka, nikajua nimelalia mto vibaya, itaachia yenyewe. Wapi! Sasa maumivu yanashuka hadi begani, na nikiinamia cherehani muda mrefu, kidole gumba na cha shahada vinakufa ganzi. Kulia hakuna shida kabisa. Sina homa, sijaanguka wala kupata ajali.

Duka la dawa walinipa diclofenac. Nikimeza napata nafuu, zikiisha yanarudi palepale, na tumbo limeanza kuwaka moto. Mama mkwe anasisitiza niende kwa mzee mmoja anayenyoosha shingo. Hapo nimegoma, shingo si ya kuvutwa ovyo.

Je, ganzi hii ni dalili ya neva kubanwa kwenye pingili? Nianze na eksirei au niende moja kwa moja fiziotherapia? Aliyepitia hili alipona baada ya muda gani? Nina oda za harusi mezani, jamani.