Bi mkubwa ana sukari, picha ya jicho inasomwa na kompyuta, niamini?

Kijana wa Ubungo: Wakuu habari zenu, bi mkubwa ana kisukari miaka mingi, juzi kliniki wamempiga picha ya macho wakasema kompyuta ndo inasoma majibu, daktari wa macho hayupo. Iko sahihi kweli au tunapigwa?

Fundi Miwani: Hampigwi mkuu. Marekani walishapitisha mashine ya hivo tangu 2018, IDx-DR, inaangalia vimishipa vya damu kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kama vimeharibika halafu inakwambia tu nenda kwa daktari au rudi baada ya miezi 12. Ila haisomi mtoto wa jicho wala presha ya macho, asijione kamaliza.

mama J: Na asisubiri mpaka aone ukungu, sukari inakula jicho kimyakimya.

Kijana wa Ubungo: Asanteni. Wakikuta tatizo je?

mama J: Leza au sindano ya ndani ya jicho. Usiogope jina, wanaweka ganzi kwanza. Wengi wanachomwa Avastin, kiasili dawa ya kansa hiyo lakini bei yake inavumilika. Kuna na sindano nyingine, Vabysmo, Marekani waliipitisha 2022, wengine wanakaa hadi miezi 4 ndo warudie, ila bei yake we acha tu.