Kahawa ya barafu kwa kichujio cha kitako bapa: mbona inapooza?

Mkaazi wa Wete
Assalaam aleikum. Ninatumia kichujio chenye kitako bapa na matundu 3, pamoja na karatasi zake za mikunjo. Kahawa moto hunitokea vizuri kwa gramu 20 za kahawa na gramu 300 za maji. Tangu kaskazi ianze nimekuwa nikiitia barafu baada ya kuichuja, ikawa nyepesi mno. Nilipopunguza maji ya moto, ukaja uchachu. Baba yangu, aliyezoea kahawa chungu ya dele, aliionja mara moja akairudisha. Kosa langu liko wapi?

Mkunazini
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Barafu ihesabu kuwa ni sehemu ya maji yenyewe. Zile gramu 300 zigawe: 180 ziwe maji ya moto na 120 ziwe barafu, uiweke mapema katika chombo cha kupokelea, ili kila tone lipoe palepale linapodondoka na harufu isipotee na mvuke. Uchachu umekuja kwa sababu maji machache hayakuwahi kuitoa kahawa ladha yake yote. Basi saga laini zaidi kuliko unavyosaga kwa kahawa moto, na tumia maji yaliyotoka kuchemka muda huohuo. Mimina kwanza gramu 40, usubiri sekunde 40 unga uumuke na mapovu yatulie, kisha yaliyobaki uyamimine kwa mikupuo miwili au mitatu, ukizungusha katikati bila kuzipiga kuta, kwani mikunjo ya karatasi ikilala na kugandamana na kichujio, maji hushuka kwa shida. Barafu ile itayeyuka takriban yote, kwa hiyo glasi ya kunywea itilie vipande vyake vingine, vikubwa.

Bi Chake
Aliyotangulia kuyasema mwenzangu ni sahihi, lakini tusiisahau barafu yenyewe, ambayo hapo ni asilimia 40 ya kinywaji. Maji ya kisima yenye chumvi yakigandishwa, chumvi yake utaikuta kwenye glasi. Mimi nilipata kuiharibu kahawa nzuri ya Kilimanjaro kwa barafu iliyolala friza moja na mfuko wa samaki changu. Tangu siku hiyo naigandisha kwa maji ya kunywa, katika kopo lenye kifuniko. Karatasi nayo ilowesheni kwa maji ya moto, na maji hayo yamwagwe kabla barafu haijawekwa.

Mkaazi wa Wete
Shukran sana, nyote wawili. Leo alasiri nimesaga mpaka unga ukawa kama chumvi ya mezani, nikafuata vipimo hivyo, na maji yakamalizika kushuka kwa dakika 2 na nusu. Ule uchachu umeondoka, na ukakasi mwepesi wa kahawa umebaki ulimini hata baada ya kumeza. Baba amemaliza glasi nzima, akauliza kama kashata zimebaki.