Kliniki tatu zote zinasema zina DBT. Nitajuaje iliyo ya kweli?

Dada_Donholm
Habari zenu. Daktari wa akili amependekeza mdogo wangu wa miaka 22 aanze tiba ya tabia ya kidialektiki, ile wanayoiita DBT. Hisia humpanda ghafla na amekuwa akijikata mkono. Nimepigia kliniki tatu hapa Nairobi na zote zinasema wanayo. Moja inauza vikao sita, ya pili ina darasa la kikundi tu, ya tatu inasema mshauri wao "huchanganya mbinu". Nazitofautishaje? Na hivi vyeti ninavyotumiwa kwa WhatsApp, nivisomeje?

Tabibu_wa_Ngong
Pole sana dada. Anza na usajili, ndio rahisi kuthibitisha. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda Bodi ya kuwasajili. Omba jina kamili na namba ya usajili, halafu uulize Bodi yenyewe. Picha ya simu haithibitishi kitu. Kadi ya uanachama wa chama cha washauri nayo si leseni, ingawa huonyeshwa kana kwamba ni kitu kimoja. Daktari wa akili yuko chini ya Baraza la Madaktari, KMPDC.

Ukishamaliza hapo bado hujajua kama anaiweza DBT. Mtu anaweza kuwa na shahada ya uzamili katika saikolojia ya kliniki na asiwe ameigusa kabisa. Uliza alifunzwa na nani, kwa muda gani, na nani anamsimamia sasa hivi. Warsha ya siku mbili humpa mtu msamiati, haimpi mkono wa kazi. Aliyefunzwa vizuri hukujibu bila kuudhika.

Stadi_Kwanza
Tiba hii iliundwa na Marsha Linehan huko Seattle, kwa watu waliokuwa wakijaribu kujiua mara kwa mara. Programu kamili ina kikao cha mtu binafsi kila wiki, kama saa 1. Darasa la stadi kila wiki, kama saa 2 na nusu. Ruhusa ya kumpigia mtibu simu katikati ya wiki hamu ya kujiumiza inapopanda. Na mkutano wa watibu wenyewe, ambako hukosoana na kusaidiana wasichoke. Darasani hufunzwa utulivu wa akili, kustahimili dhiki, kudhibiti hisia na kuishi na watu. Mzunguko mmoja ni kama wiki 24 na kwa kawaida hurudiwa, kwa hiyo hesabu mwaka mzima. Vikao sita havimalizi hata nusu ya mzunguko.

Kipimo changu cha haraka: waombe wakuonyeshe kadi tupu ya kila siku. Mgonjwa huijaza kila jioni: hamu ya kujikata ilifika ngapi, alijikata au la, alitumia stadi gani. Kikao huanzia kwenye hiyo kadi. Kama alijikata Jumanne, wanarudi nyuma hatua kwa hatua: alikuwa wapi, nani alisema nini, wazo gani lilipita, mkono ulifikiaje wembe. Kliniki isiyo na kadi inatoa mazungumzo tu, hata kama bango linasema DBT.

Dada_Donholm
Asanteni sana. Na kama pesa inatosha darasa la kikundi peke yake?

Tabibu_wa_Ngong
Darasa husaidia, lakini anayejikata anahitaji pia mtu mmoja anayefuatilia hatari yake. Mtafutie mshauri aliyesajiliwa, hata wa kwingine, atakayekubali kutumia kadi ileile, na mdogo wako atie sahihi ili huyo na mwalimu wa darasa waweze kuwasiliana. Bila sahihi hiyo kila mmoja hudhani mwenzake ndiye anayeshughulikia hatari. Piga hesabu ya nauli na ada ya miezi yote kabla ya kuanza, na uulize bima inalipia vikao vingapi kwa mwaka. Katika DBT, anayekosa vikao vinne mfululizo hutolewa kwenye programu.

Wakati mnatafuta, dawa alizoandikiwa aendelee nazo. Nyembe na akiba ya vidonge viwekwe mbali naye, mkikubaliana naye, si kwa kumvizia. Hali ikizidi usiku, usingoje miadi: mpeleke Mathari au hospitali yoyote yenye dharura. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure kupiga.