Sijawahi kuvuka kikomo cha ovadrafti, mbona benki inanipunguzia?

Mama Maharagwe, Kakamega

Hamjambo wenzangu. Naomba mnisaidie kuelewa barua niliyopewa na benki yangu Jumanne, maana nimeisoma mara nne na bado naona nimeonewa.

Mimi huuzia shule nne za bweni maharagwe na mahindi, mbili hapa Lurambi na mbili upande wa Malava. Mzigo nautoa soko la Chwele kwa pesa taslimu, kwa sababu hakuna mkulima wa kukukopesha. Shule nazo hulipa pesa za serikali zikiingia, na mnajua zinavyochelewa. Napeleka magunia 20 wiki ya kwanza ya muhula, nalipwa wanafunzi wakifunga mabegi kwenda nyumbani. Ndiyo sababu mwaka wa 2021 niliomba ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa pesa zaidi ya salio langu. Nikapewa kikomo cha shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, dhamana ikiwa hatimiliki ya ploti yetu. Kila mwaka wameirudia bila maneno mengi.

Sasa wanasema kikomo kinashuka hadi 300,000, halafu 200,000 inawekwa kando iwe mkopo wa miezi 24. Sijapita 500,000 hata siku moja. Hakuna hundi yangu iliyorudishwa. Riba wanajikatia wenyewe kila mwisho wa mwezi. Leo nimetumia 468,000. Kama nimefuata masharti yote, naadhibiwa kwa lipi? Na muhula unafunguliwa wiki tatu zijazo.

Afisa wa Zamani, Kisumu

Pole sana mama. Nilikaa dawati la mikopo miaka 11 hapa mjini, na barua za namna hiyo nimeandika nyingi. Kabla sijasema lolote, toa taarifa ya akaunti ya miezi 12 uangalie: siku deni lilipokuwa dogo kuliko siku zote, lilikuwa ngapi? Na Desemba, shule zikiwa zimefungwa?

Mama Maharagwe, Kakamega

Nimekaa nayo mpaka saa tano usiku. Dogo kuliko yote ni 431,000, mwezi wa Mei. Desemba lilikuwa 470,000.

Afisa wa Zamani, Kisumu

Basi barua imetokea hapo. Ovadrafti ni pesa ya kupanda na kushuka. Unanunua mzigo, deni linapanda. Shule inalipa, deni linashuka, na kwa biashara yako ilipaswa angalau mara moja kwa mwaka akaunti ifike sufuri au ibaki na salio lako mwenyewe. Desemba ndio ungekuwa mwezi wako wa sufuri, kwa kuwa hununui kitu. Afisa anayekagua hatazami tu kama umevuka kikomo. Anatazama kama pesa inarudi. Kwako 431,000 haijarudi mwaka mzima. Kwake yeye hiyo si ovadrafti tena, ni mkopo usio na tarehe ya mwisho.

Na inakuumiza wewe kuliko benki. Riba huhesabiwa kila siku kwa kile ulichotumia. 431,000 kwa asilimia 17 ni kama shilingi 200 kwa siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Kwa mwaka ni zaidi ya 73,000, na deni halijasogea.

Soma pia barua ya kwanza kabisa uliyotia sahihi. Karibu zote zina kifungu kwamba benki inaweza kudai ovadrafti yote wakati wowote. Kwa hiyo miezi 24 ni njia ya upole.

Niambie mambo mawili. Kuna kitu kikubwa ulinunua kwa pesa hiyo, kitu ambacho hakikuuzwa? Na je, malipo ya shule zote nne yanapitia akaunti hiyo?

Mama Maharagwe, Kakamega

Umenigusa. Mwaka wa 2022 nilitoa 350,000 nikaongezea akiba yangu nikanunua gari, Probox ya kubebea mzigo, kwa sababu nauli ya pikapu za kukodi ilikuwa inanimaliza. Niliona ni pesa ya biashara. Na shule za Malava zinalipia akaunti yangu ya sako, maana nilitaka akiba ikue nipate mkopo wa karo ya kifungua mimba wangu. Sikujua benki inahesabu hilo.

Afisa wa Zamani, Kisumu

Inahesabu sana. Wao wanaona shule mbili tu, wanadhani nusu ya biashara imekufa. Probox itakuhudumia miaka, basi ilitakiwa ilipwe polepole kwa mkopo wa miaka. Umeibeba kwa pesa ya kununulia maharagwe, ndiyo sababu kila muhula unaanza umebanwa.

Simenti na Mabati, Nakuru

Dada, mimi nina duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka wa 2020, ujenzi uliposimama, benki yangu ilikata kikomo changu kwa nusu na nikajua siku ambayo hundi mbili za simenti zilirudi. Msambazaji aliacha kunipa mzigo wa mkopo mpaka leo. Wewe umeandikiwa kabla. Ishike hiyo nafasi.

Fanya hesabu hii. Leo kikomo ni 500,000 na deni 468,000, umebaki na 32,000. Wakihamishia 200,000 kwenye mkopo, kikomo ni 300,000 na deni la ovadrafti 268,000. Umebaki na 32,000 ile ile. Hujanyang'anywa nafasi.

Kinachonitia hofu ni rejesho. 200,000 kwa miezi 24 kwa riba hiyo hiyo ni kama 9,900 kwa mwezi, na litakatwa katika akaunti ile ile. Mwezi ambao shule hazijalipa, rejesho litakusukuma juu ya kikomo, na huko juu kuna ada na riba ya adhabu. Siku 90 zikipita hivyo, deni linahesabiwa kuwa bovu na jina linaweza kwenda CRB, wanaotunza rekodi za wakopaji. Omba miezi 36. Itakuwa kama 7,100. Na uliza ada ya kuandaa mkopo ni ngapi kabla ya kutia sahihi.

Tafadhali, usizibe pengo kwa mikopo ya simu. Nilifanya hivyo miezi mitano na sitaki kukuona huko.

Mwana wa Bungoma

Mimi ningehama. Benki ni nyingi, mbona ung'ang'anie wanaokudharau?

Afisa wa Zamani, Kisumu

Ndugu, hatimiliki imeshikwa. Kuitoa na kuiweka kwingine ni mwanasheria, mthamini na ada za ardhi, tena benki mpya itaomba taarifa hiyo hiyo ya miezi 12. Ahame baadaye akitaka, akaunti ikiwa imenyooka.

Mama Maharagwe, Kakamega

Nimerudi. Ijumaa nilienda kwenye tawi na taarifa yangu, daftari la shule zote nne na taarifa ya sako. Yule binti wa mikopo alishangaa kuona malipo ya Malava. Nilimweleza habari ya Probox bila kuficha.

Tumekubaliana miezi 36, na rejesho la kwanza ni baada ya siku 60. Kikomo wamekataa kukirudisha 500,000. Wamesema nipitishe malipo yote kwao kwa mihula miwili, kisha wataangalia upya. Ada ya kuandaa mkopo walitaka asilimia 2. Nimeomba na wamekubali 1.

Jana nimeandikia mabasari, yaani watunza pesa, wa shule zote mbili za Malava barua ya kubadilisha akaunti. Mmoja amejibu leo asubuhi kwamba kuna 118,000 yangu ya muhula uliopita, itaingia akaunti hii ya benki wiki hii. Ikiingia, deni la ovadrafti litashuka hadi 150,000. Nitaenda Chwele na pesa ya kutosha magunia ya kuanzia, na sako nitaipelekea 3,000 kila mwezi kutoka kwa faida.

Afisa, nina swali la mwisho: nikifika sufuri Desemba, nikae hapo siku ngapi ndipo waone?

Afisa wa Zamani, Kisumu

Mwezi mzima, mama, ukiweza. Zikiwa wiki mbili pia zitaonekana.