Minada ya mtandaoni imekufa, au stempu zangu ndizo zisizotakiwa?

Mkunazini_Leicester aliuliza:

Assalaam aleikum nyote humu.

Nina makasha ya stempu na bahasha za zamani za Unguja. Nyingi ni za marehemu ami yangu, aliyekuwa karani wa posta tangu enzi ya Sultani hadi baada ya Mapinduzi, mtu asiyetupa hata risiti. Zilizobaki nimezinunua mwenyewe huku Uingereza, kwa mapenzi tu. Watoto hawazitaki. Mkubwa alizitazama mara moja akauliza kama zitaingia kwenye pipa la karatasi au la plastiki, nikajua hapa hapana mrithi. Basi nimeanza kuziuza kidogo kidogo.

Miaka ile nilipoanza kuuza mtandaoni kazi ilikuwa nyepesi. Unapiga picha, unafungua mnada kwa peni 99, unaupanga ufungwe Jumapili usiku watu wameshakula na wamekaa. Wiki nzima kimya. Dakika mbili za mwisho ndipo unapowaona wenyewe: huyu wa Ujerumani, yule wa Durban, na bwana mmoja wa Kanada ambaye hakukubali kushindwa katika kitu chochote chenye muhuri wa Chake Chake. Mke wangu ananiita chai inapoa, mimi nimeganda mbele ya kompyuta.

Juzi nimeweka bahasha ya 1936 kutoka Unguja kwenda Bombay, stempu ya Sultani Khalifa bin Haroub, muhuri unasomeka mpaka tarehe. Walioitia alama ya kuifuatilia walikuwa wengi. Aliyeweka dau ni mmoja. Imeondoka kwa peni 99. Kabla ya hapo mnunuzi mwingine alidai stempu imemfikia imechanika, akarudishiwa pesa zake zote, na stempu sikuiona tena. Mtandao siutaji, sikuja hapa kushtaki.

Suala langu: niache mnada niandike bei moja kwa moja? Au niwapelekee wale wa vikundi vya Facebook? Nauliza mapema kwa sababu kasha lililobaki ndilo lenye zile zilizopigwa chapa ya "Jamhuri 1964", na hizo sitaki zinitoke kwa bei ya pipi.

---

Dalali_Mstaafu alijibu:

Wa aleikum salaam mzee wangu. Stempu zako hazina kosa. Niliishi kwa kuuza lenzi kuukuu za kamera kwenye minada hiyo kwa miaka, na niliuona mnada ukinyauka mbele yangu, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo.

Pierre Omidyar alipoanzisha mnada wake San Jose, Septemba 1995, akiuita AuctionWeb kabla haujawa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza mbovu, dola 14.83. Watu wanakisimulia kama kichekesho. Kwangu ndicho kinachoeleza biashara yote. Kalamu mbovu ina bei gani? Hakuna ajuaye. Huna duka la kuuliza, huna orodha ya kutazama. Unaiweka watu wagombanie, na wakimaliza umeijua bei. Miaka ile karibu kila kitu kilichotoka kwenye stoo ya mtu kilikuwa hivyo, na mnada ndio uliokuwa ukijibu swali la bei.

Leo swali hilo limeshajibiwa. Mnunuzi anabonyeza "vilivyouzwa" anaona lenzi ile ile imekwenda kwa ngapi wiki hii na wiki iliyopita. Sasa yeye akae siku saba akingoja nini? Na mimi muuzaji nifungue kwa peni 99 ili iweje? Nikibahatika nitapata bei ile ile ambayo kila mtu anaijua. Nisipobahatika, kwa sababu siku hiyo kuna fainali ya mpira, nimeuza kwa hasara. Nikaanza kuandika bei moja kwa moja, na wenzangu wote niliowajua wakafanya hivyo hivyo. eBay wenyewe walileta kitufe cha "Nunua Sasa" tangu 2000, na baada ya miaka kumi na kitu mnada ukawa sehemu ndogo ya biashara yao. Wachumi wa Stanford na Harvard, pamoja na mtu wa ndani ya eBay, waliichambua hali hii katika makala iliyotoka 2018. Walikuta sababu kubwa si aina ya bidhaa wala aina ya wauzaji. Wanunuzi wamechoka kungoja.

Wengine hawakufika hata huko. Amazon walifungua minada yao 1999 ikafifia, na Yahoo wakafunga ya Marekani 2007. Japani ni kinyume: pale Yahoo ndio walioshinda, eBay wakaondoka 2002.

Kuhusu ile bahasha ya Bombay, angalia mashine inavyofanya kazi. Mtu anaandika kikomo chake, tuseme paundi 60, halafu mtandao unampandishia kidogo kidogo kadiri mwingine anavyomkaribia. Asipokuwapo mwingine, haupandi. Kwa hiyo huyo bwana wa peni 99 huenda alikuwa tayari kukulipa 60. Mnada hauhitaji mtu mmoja anayeitaka sana, unahitaji wawili, usiku ule ule. Wa Ujerumani na wa Durban hawapo tena kwenye foleni moja. Mmoja yuko Delcampe, mtandao wa wakusanyaji, mwingine kwenye kikundi cha Facebook, na wa Kanada huenda ana kila kitu sasa.

Na la kurudishiwa pesa: tangu Mei 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya. Wauzaji walisusa sana mwaka ule, haikusaidia. eBay nao walikuwa na sababu, wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi kwa maoni. Lakini mizani ililalia upande mmoja tangu siku hiyo, na mitandao mingine ikaiga.

---

Mtu_wa_Matrah alijibu:

Mimi ni mnunuzi, nanunua Unguja na Oman tu, toka zamani. Niwaambie kwa nini nimeacha kuweka dau.

Kwanza zile programu za kuvizia. Unaongoza siku sita, sekunde nne za mwisho inaingia programu ya mtu aliyelala usingizi, imekupita kwa senti hamsini. Mara ya kwanza unacheka. Pili, majina ya wanaoshindana yamefichwa, unaona herufi mbili na nyota. Nami kila nikipandishwa hujiuliza: huyu ni mshindani au ni shemeji yake muuzaji? Pengine namdhulumu, lakini shaka ikishaingia raha imetoka. Tatu, nauli ya kutuma. Stempu ya paundi tatu, kuileta Maskati paundi kumi na kitu.

Ila kubwa ni hilo kasha lako, ami. "Jamhuri 1964" zile za mwanzo, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, zilipigwa kwa muhuri wa mkono juu ya stempu za Sultani zilizokuwapo posta. Zipo zilizopigwa kichwa chini, zipo zilizopigwa mara mbili. Baadaye ndipo zikaja za mashine. Sasa muhuri wa mkono mtu yeyote anauchonga. Stempu safi za Sultani Abdulla ni rahisi kupatikana, muhuri wa mpira ni rahisi zaidi, na picha ya simu haikuonyeshi wino umeingia kwenye karatasi lini. Nimekutana na za bandia mpaka nimejiwekea sharti: bila cheti sinunui, na mnadani sinunui kabisa. Naandikiwa bei, nasoma cheti usiku, asubuhi nalipa au silipi.

---

Ilala_Boma alijibu:

Wakuu, mimi stempu sijui hata kuzishika, naagiza magari. Ila naona mnauchimbia mnada kaburi mapema mno.

Gari nyingi za Japani zinazotembea hapa Dar zimepita mnadani. USS ya Tokyo kila Alhamisi wanauza maelfu, gari moja haimalizi hata dakika, na wakala wangu anaweka dau akiwa kwenye kiti chake bila kuligusa gari lenyewe. Mbona huko hakuna aliyechoka?

Karatasi ndiyo sababu. Kila gari lina karatasi ya mnada, na aliyeijaza si muuzaji, ni mkaguzi wa mnada. Anaandika daraja, 4, 3.5, na lile lililogongwa likatengenezwa analiandikia R. Anachora mwili wa gari na kuonyesha kila mkwaruzo uko wapi. Nikiona 4 nalipa bei ya 4 bila kubishana. Huko kwenye stempu zenu anayekagua ni nani? Muuzaji mwenyewe anaandika "hali nzuri sana", anapiga picha chini ya taa ya jikoni. Hata mimi nisingepandisha.

Huku kwetu hiyo minada ya mtandaoni haikushika hata mwanzo. Mtu anaweka picha Instagram, "bei njoo inbox", mnabishana humo humo. Tunalalamika, lakini angalau unaongea na mtu.

---

Mkunazini_Leicester aliandika:

Ahsanteni sana. Ilala, hilo la karatasi limeniingia.

Lakini bwana wa Matrah, cheti ni ghali. Kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society ya London wanatoa, na wanaheshimika, ila kila kipande kinalipiwa. Nikipeleka kasha zima nitakuwa nimeuza nyumba ili niuze stempu. Na suala la ada za kuuza mtandaoni limenichanganya. Niliambiwa wauzaji wadogo tumesamehewa, lakini wanunuzi wanalalamika kuwa bei imepanda. Nani anadanganya?

---

Dalali_Mstaafu alijibu:

Hakuna anayedanganya. eBay ya Uingereza iliwaondolea ada wauzaji binafsi Oktoba 2024. Februari 2025 ikaanza kumtoza mnunuzi ada ya ulinzi juu ya bei. Vinted, wale wa Lithuania, ndio walioonyesha njia hiyo, muuzaji halipi, mnunuzi analipa. Zamani muuzaji binafsi alikatwa 12.8% na senti kidogo juu, ukaumia wewe. Sasa mnunuzi anapiga hesabu ya ada kabla hajaweka dau, anashusha dau, unaumia wewe bila kuona makato.

Na kabla hujafungua makasha yote kwa mpigo: tangu Januari 2024 mitandao hii inakusanya taarifa za muuzaji akifikisha mauzo 30 au takriban paundi 1,700 kwa mwaka, na kuzipeleka HMRC, watu wa kodi wa Uingereza. Si kodi mpya, na kuuza vitu vyako vya nyumbani si lazima kukutie kwenye kodi, ila weka daftari la nini ulirithi na nini ulinunua ili uuze.

Sasa kazi yenyewe. Usipeleke kasha zima kwenye cheti. Tenga mafungu. Za kawaida, KUT (Kenya, Uganda na Tanganyika) za bei ndogo na stempu za Unguja zilizotumika ambazo kila mtu anazo, zifunge hamsini hamsini, andika bei, sahau. Mnada kwa hizo ni kupoteza posta. Za Jamhuri zilizo moja moja, zisizo na gundi wala bahasha, chagua chache zilizo tofauti kweli kweli uzipeleke kwa wataalamu. Nyingine uziuze kama "hazijakaguliwa", bei ya hazijakaguliwa, watu watakuheshimu kwa hilo.

Zilizo juu ya bahasha iliyopita posta ni habari nyingine. Hapo una muhuri wa tarehe, una anwani, una njia barua iliyopita. Kughushi vyote kwa pamoja ni kazi. Hizo zipeleke kwenye nyumba ya mnada wa stempu yenye wataalamu wake, wale wanaochapisha katalogi. Siku hizi nao wanapokea dau kwa intaneti, watu wa Ujerumani na Kanada wamehamia huko. Kamisheni yao ni kubwa, usishtuke ukiiona. Lakini ndio wanaokuandikia ile karatasi ya Ilala.

Na kitu kimoja: andika mahali kwamba zimetoka kwa karani wa posta, mwaka gani hadi mwaka gani, na ofisi ipi. Una barua yoyote ya kazi yake?

---

Mkunazini_Leicester aliandika:

Ninayo ya uhamisho, na picha yake amesimama mbele ya ofisi na baiskeli. Sikujua kama ina maana yoyote kwa mnunuzi.

Bahasha za Jamhuri nimezitoa jana, si nyingi. Moja imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, kajitumia barua kwenda Unguja, muhuri wa Februari 1964, nao "Jamhuri" umepigwa kichwa chini. Nadhani alifanya makusudi, alikuwa mtu wa mzaha.

---

Mtu_wa_Matrah aliandika:

Muhuri wa ofisi gani?

---

Mkunazini_Leicester aliandika:

Wete.

---

Mtu_wa_Matrah aliandika:

Ami, usiiweke popote kwanza, wala usiipige picha tena na flashi. Nimekuandikia pembeni.