Kurekebisha Mahakama ya Juu Kenya: twende Bungeni, JSC au tukusanye sahihi milioni?

Mratibu_NK

Hamjambo wenzangu. Mashirika kadhaa ya kijamii yamekubaliana kuendesha kampeni ya pamoja kuhusu Mahakama ya Juu, na mimi ndiye ninayeandaa mpango. Tuna madai manne. Siku 14 za kusikiliza kesi ya urais ziongezwe. Majaji wawe zaidi ya saba. Mahakama isiweze kumfungia wakili milango bila kumsikiliza kwanza. Na kuna wenzetu wanaotaka majaji wote saba waondolewe. Sasa tumegawanyika: wengine wanataka tukusanye sahihi milioni moja, wengine tupeleke ombi Bungeni, wengine twende moja kwa moja JSC, yaani Tume ya Huduma za Mahakama. Fedha hazitoshi njia zote tatu, na uchaguzi ni Agosti 2027. Mnaozijua njia hizi, kila moja hukwama wapi?

Wakili_Kisauni

Kabla ya kuchagua njia, tazameni kila dai limekaa wapi kisheria, maana haya manne hayakai pamoja.

Siku 14 ziko Kifungu cha 140 cha Katiba. Idadi ya majaji saba na akidi ya watano ziko Kifungu cha 163. Sheria ya kawaida haiwezi kuyagusa hayo mawili. Dai la idadi lina msingi mzito: tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, ombi la kuuahirisha halikusikilizwa kwa sababu walioketi walikuwa Jaji Mkuu Maraga na Jaji Lenaola peke yao. Anzeni nalo kila mkutano, kwa sababu mwananchi analielewa bila kufafanuliwa.

Dai la wakili ni jepesi zaidi. Januari 2024 Mahakama ilimfungia Ahmednasir Abdullahi pamoja na mawakili wa kampuni yake kwa barua, na kwa kuwa hakuna mahakama nchini iliyo juu yake, hakuna pa kukata rufaa. Kifungu cha 163(8) kinaipa Mahakama uwezo wa kujitungia kanuni, lakini 163(9) kinaliruhusu Bunge kuongeza masharti kwa sheria. Mnachohitaji ni marekebisho mafupi ya Sheria ya Mahakama ya Juu ya 2011: wakili apewe notisi ya maandishi, asikilizwe, sababu ziandikwe, na adhabu iwe na ukomo. Wingi wa kawaida wa kura unatosha. Hili mnaweza kulimaliza kabla ya 2027.

Dai la nne litoeni kabisa. Kifungu cha 168 kinamwondoa jaji mmoja mmoja, kwa sababu zilizotajwa: kushindwa kazi kwa maradhi ya mwili au akili, kuvunja kanuni za maadili, kufilisika, kutojua kazi, au utovu mkubwa wa nidhamu. Hukumu msiyoipenda haimo. Ombi lazima lieleze matendo ya kila jaji, na hapo ndipo ombi la kuwashtaki saba kwa pamoja linapovunjika. Isitoshe, JSC ina wanachama 11. Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti, na jaji mwingine wa Mahakama ya Juu ni mwanachama. Mkiwashtaki wote, wawili kati ya walalamikiwa wako ndani ya chombo kinachopokea malalamiko. Maombi ya aina hiyo yalifika JSC, na Februari 2025 Mahakama Kuu ikasimamisha yasiendelee. Mkilibeba dai hili, kila mbunge mtakayemfikia kuhusu siku 14 atadhani mnalipiza kisasi cha kesi fulani.

Karani_wa_Zamani

Naongezea upande wa Bunge. Ombi chini ya Kifungu cha 119 ni rahisi kuandika, na ni rahisi vilevile kurudishwa. Sheria ya 2012 ya utaratibu wa maombi inataka liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta; likiwa na kurasa kadhaa, mada itajwe kila ukurasa; limalizike kwa ombi lililo wazi; na kila mwombaji aweke jina, anwani, namba ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole gumba. Karani ana siku 7 za kulikagua. Likifika kwa kamati, majibu hutakiwa ndani ya siku 60.

Mengi hufia kwenye masharti mawili. Kwanza, lazima mweleze kama mlishapeleka jambo kwa chombo kinachohusika, na kama hamkujibiwa au hamkuridhishwa. Kwa hiyo mwandikieni Msajili wa Mahakama ya Juu na JSC mapema, na nakala zenu zigongwe muhuri wa kupokelewa. Pili, lazima mweleze kama jambo liko mbele ya mahakama au chombo kingine cha kikatiba. Mwanachama mmoja wa muungano wenu akienda kortini na dai hilohilo wiki moja kabla, ombi lenu linaweza kukwama. Wekeni makubaliano ya maandishi kwamba hakuna atakayefungua kesi bila kamati kuu kujua.

Lakini ombi halibadilishi Katiba. Kwa siku 14 mnahitaji mswada chini ya Kifungu cha 256. Kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili kuna siku 90, na kila bunge lazima liupitishe kwa thuluthi mbili ya wanachama wote, mara ya pili na mara ya tatu. Hiyo ni kura 233 Bunge la Kitaifa na 45 Seneti. Mbunge aliyekaa nyumbani ni sawa na aliyepinga. Februari 2019 mswada wa usawa wa jinsia ulipata kura 174 za kuunga mkono, ukaanguka kwa sababu viti vilikuwa vitupu. Kazi yenu kubwa, basi, ni kuhakikisha wako ukumbini siku ya kura. Ahadi zao kwenye redio hazihesabiwi.

Daftari_la_Sahihi

Naiheshimu njia ya Bunge, lakini msiipuuze njia ya wananchi ya Kifungu cha 257, kwa sababu ina nguvu ambayo ile nyingine haina: mabunge ya kaunti 24 yakishaupitisha mswada, hata Bunge la Kitaifa au Seneti likiukataa, unakwenda kwa kura ya maoni. Wabunge hawawezi kuuzika.

Gharama yake iko kwenye sahihi. Okoa Kenya, kampeni ya awali ya kubadilisha Katiba kwa njia hii, walipeleka takriban milioni 1.6 na mwaka 2016 IEBC, tume ya uchaguzi, ikakubali 891,598. Ni kama asilimia 56. Kwa kiwango hicho, kupata milioni moja halali mnahitaji karibu milioni 1.8. Sahihi huanguka kwa mambo madogo: mtu ana kitambulisho lakini hajajiandikisha kupiga kura, namba imekosewa tarakimu moja, sehemu ya sahihi imeachwa wazi, mtu katia mara mbili katika vituo viwili. Mkusanyaji asisome namba kwa kumsikiliza mtu. Aone kadi yenyewe mkononi na anakili. Mwingizaji data aikague fomu siku hiyohiyo, angali anaweza kumrudia mkusanyaji. Kwa kuwa mnashika namba za vitambulisho vya watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu: jisajilini kwa Kamishna wa Data kabla ya fomu ya kwanza.

Kisha kaunti. Punguza Mizigo, kampeni nyingine ya aina hiyo, walivuka kizingiti cha sahihi mwaka 2019, wakaangushwa na mabunge ya kaunti kwa sababu hawakuwa na watu huko. IEBC hukagua sahihi kwanza, kisha kaunti zina miezi mitatu. Mawakilishi wa wadi waanze kutembelewa wakati sahihi zinakusanywa. Mkingoja zihakikiwe mmechelewa.

Na mswada usiguswe baada ya watu kutia sahihi. Katika hukumu ya tarehe 31 Machi 2022 kuhusu BBI, mswada mwingine wa kubadilisha Katiba, jedwali lililoongeza maeneobunge 70 lilianguka kwa sababu umma haukushirikishwa juu yake.

Mikutano ya hadhara: notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla, na mkutano uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Mratibu_NK

Asanteni sana. Dai la nne nitapendekeza liondolewe. Swali: je, siku 14 na idadi ya majaji tuyaweke kwenye mswada mmoja? Na tuombe siku ngapi?

Wakili_Kisauni

Miswada miwili. Kifungu cha 255 kinataka kura ya maoni kwa mambo kadhaa, na uhuru wa Mahakama ni mojawapo. Kuongeza muda wa kesi ni vigumu kuliita suala la uhuru wa Mahakama. Kuongeza majaji kutabishaniwa kortini, maana Rais ndiye anayewateua kwa pendekezo la JSC na watu watasema anajaza viti. Mkiyafunga pamoja, moja litaliburuta jingine hadi kura ya maoni, ambako mnahitaji wingi wa kura nchini na pia angalau asilimia 20 ya wapigakura waliojiandikisha wajitokeze katika nusu ya kaunti.

Kuhusu siku, hesabuni mpaka kuapishwa. Mwaka 2022 kesi zilifunguliwa hadi tarehe 22 Agosti, hukumu ikatoka 5 Septemba, Rais akaapishwa Jumanne 13 Septemba, kwa kuwa Kifungu cha 141 kinasema Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu hukumu. Muda ungekuwa siku 30, hukumu ingeweza kufika 21 Septemba na kiapo 4 Oktoba. Wiki tatu za ziada ambazo Rais anayeondoka anabaki na mamlaka yaliyobanwa na Kifungu cha 134. Hawezi hata kuteua jaji. Mtaulizwa hili na mbunge wa kwanza mtakayekutana naye, kwa hiyo mpeni jedwali la tarehe. Hoja ya kuongeza ni ya kweli: mwaka 2013 hati ya kiapo ya zaidi ya kurasa 800 ilikataliwa kwa kuwa ililetwa kwa kuchelewa, na siku 14 hazikuacha nafasi ya upande wa pili kuijibu. Binafsi naona siku 30 zinatetewa vizuri. 60 hamtazipata.

Mdau_Dar

Wakuu, neno moja kutoka upande huu wa mpaka. Katiba ya Tanzania, ibara ya 41(7), inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua Julai 2020, katika shauri la Kambole, kwamba kifungu hicho kinakiuka haki. Ninyi mna 140(1) inayomruhusu mtu yeyote kufungua kesi ndani ya siku 7. Mnapoandika mswada, gusa 140(2) peke yake. Mkiandika upya kifungu kizima, mtampa mtu nafasi ya kupendekeza kwamba mgombea tu ndiye afungue kesi.

Wakili_Kisauni

Sahihi kabisa. Mratibu, mswada wa siku usizidi ukurasa mmoja: 140(2), neno "kumi na nne" lifutwe, liwekwe "thelathini", na kifungu cha mpito kinachosema hauhusu kesi iliyokwisha kufunguliwa. Kisha mwandikieni Msajili kuomba kanuni za kesi ya urais zigawanye upya siku hizo, hasa muda wa kukagua seva na masanduku ya kura.