Mjadala: maigizo kwa watoto wa P1 mpaka P3 (darasa la kwanza mpaka la tatu) hapa Uganda, ni somo ama ni kupoteza muda?

Wazazi na maticha, kwa kikao cha shule ya mtoto wangu mzee mmoja alisimama akasema yeye halipi fizi ndio mtoto ajifanye simba, mtoto asome hesabu, na watu wakampigia makofi. Mimi sikubali.

Hili somo si geni. Mtaala wa madarasa ya chini, ule ulioanza 2007 na unafundishwa kwa lugha ya nyumbani, una muziki, ngoma na maigizo ndani. Shida ni kwamba PLE, ule mtihani wa kumaliza primari, inapima Kiingereza, hesabu, sayansi na sosho (maarifa ya jamii) basi, kwa hivyo muda ukibana kipindi cha kwanza kuliwa ni hicho.

Halafu mashindano ya MDD, yaani ya muziki, ngoma na maigizo, yakikaribia ndio shule inaamka, wanaokotwa wachache wenye sauti, wanakaririshwa mchezo ulioandikwa na mtu mzima, wanapakwa pauda, na darasa lote lingine linabaki linakopi ubao. Hiyo ndiyo mimi napinga. Mtoto wa miaka 6 hahitaji jukwaa. Ticha apange duka la makopo matupu, mmoja auze nyanya, mwingine awe kastoma msumbufu analia bei ni ghali, na muuzaji lazima amjibu kwa sauti inayofika dawati la mwisho halafu arudishe chenji kamili. Hesabu si iko hapo? Na yule mwoga wa kuongea ndiye apewe duka, si yule mdomo kila siku.

ticha_wa_chini: Nyabo (mama), umewahi kusimama mbele ya watoto 100? Hao kastoma wako wakianza kulia bei, P2 upande wa pili hawasikii kitu. Mimi huwatoa chini ya mwembe kwa makundi, mvua ikinyesha basi.

baba_mapacha: Wangu wanasoma madrasa, hizo za kukata kiuno sitaki.

Mwenye mada: Ssebo (bwana), kukata kiuno ni ngoma, mimi naongelea maigizo, na ukienda kumwambia ticha hutaki ile ngoma nani atakulazimisha? Ticha, makundi ndiyo dawa, hata watano mbele na wengine wawe wanunuzi wa kunyoosha mkono. Na Kiswahili je? Baraza la mawaziri lilipitisha 2022 kiwe lazima shuleni, sasa mtoto wa P3 atajua kusalimia na kuuliza bei kwa kukopi ama kwa kuongea na mwenzake?

ticha_wa_chini: Kwa Kiswahili umenishika, hapo lazima waongee. Lakini jioni mtoto akifika nyumbani na daftari tupu, mzazi huyohuyo aliyepiga makofi kwa kikao ndiye anakuja kwa hedimasta kuuliza mbona leo ticha hakumaki kitu.